Jibu kwa kijana wa Langoni: skoa kubwa za osu! zinajengwa na nini, na kwa nini strimu zako hukatika

*Swali: Assalam aleikum kaka. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nacheza osu! kwa laptopu yenye skrini ya 1366 kwa 768, mausi ya kawaida na hedifoni za Bluetooth. Ramani za nyota nne napita vizuri, za tano ndizo zinanishinda. Usahihi wangu hauvuki asilimia 91, na strimu za BPM 180 hukatika baada ya noti kumi hivi. Juzi tuliangalia marudio ya mtu aliyepiga kombo kamili akiwa na HD na DT, nyota saba na kitu, na mkono hausogei hata. Wenzangu wa Mkomani wanasema ile ni programu inacheza. Ni kweli? Na kama ni mtu, anafanyaje? Halafu mbona nyimbo za kwetu sizioni humo?*

Wa aleikum salam, mdogo wangu. Kwa msomaji mgeni: osu! ni mchezo wa kompyuta ambamo unapeleka kishale kwenye duara na kubonyeza kitufe kwa mapigo ya wimbo. Kila duara ni noti, wimbo uliopangiwa maduara ni ramani, na nyota ni ugumu wake. BPM ni mapigo kwa dakika, na kombo ni noti ulizopiga mfululizo bila kukosa.

Mtu anaweza kabisa kucheza hivyo, na wapo wengi. Kama ni huyo mliyemtazama, hilo linapimika kwenye faili lenyewe la marudio, hakuna haja ya kubishana barazani. Lakini kwanza tuichambue skoa yenyewe, kwa sababu macho yenu yamevutwa na kasi, na kasi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

HD na DT ni modi, yaani mabadiliko ya mchezo unayochagua kabla ya kuanza. DT huharakisha wimbo mara 1.5. Ramani ya BPM 180 inakuwa ya 270. Ukiona skoa ya HD na DT ya nyota saba, mara nyingi ni ramani ya jampu (noti zilizoachana mbali, kishale kinarukia) ambayo bila modi ina nyota tano tu na ushei. Jampu hupangwa kwa nusu pigo, kwa hiyo kwenye BPM 270 noti zinakuja kila baada ya milisekunde 111, yaani tisa kwa sekunde. Sasa linganisha na strimu yako ya BPM 180, yaani mfululizo wa noti zilizokaribiana, ambayo imepangwa kwa robo pigo: milisekunde 83 kati ya noti na noti, kumi na mbili kwa sekunde. Vidole vya yule bwana vinagonga polepole kuliko vyako. Kinachofanya kazi ni ule mkono mwingine, unaopeleka kishale kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine mara tisa kwa sekunde na kukisimamisha ndani ya duara kila mara.

Halafu kuna kuona. Ramani yenye AR 9 (AR ni kasi ya duara kujitokeza) hukuonyesha duara milisekunde 600 kabla ya wakati wake. Ukiweka DT zinabaki 400. Na HD inaondoa ule mduara unaosogea kukuonyesha wakati, kisha inafuta duara lenyewe: linajitokeza kwa asilimia 40 ya muda huo, linafifia kwa asilimia 30 inayofuata, na asilimia 30 ya mwisho hakuna kitu. Kwa AR 9 yenye DT, duara limekwisha potea milisekunde 120 kabla hujaligonga. Mtu wa kawaida akiona taa ikiwaka huchukua kama milisekunde 200 hadi 250 kubonyeza kitufe. Kwa hiyo yule hajibu anachokiona. Anasoma duara la tatu au la nne mbele huku mkono ukimaliza la sasa, na wakati wa kugonga anauchukua masikioni.

Mkono kutosogea nako kuna hesabu yake. Wengi wa daraja lile hutumia tableti ya kuchorea, na hupunguza eneo lake kwenye mipangilio. Tuseme eneo ni milimita 80 kwa 45. Uwanja wa mchezo huchukua asilimia 60 ya upana wa skrini ndefu ya 16:9 na asilimia 80 ya kimo chake, kwa hiyo mkononi uwanja wote ni milimita 48 kwa 36. Duara la CS 4 (CS ni ukubwa wa duara) linabaki chini kidogo ya milimita 7. Kamera ikiwa juu ya meza huoni kitu isipokuwa kalamu inatetemeka. Hapo ndipo watu husema "programu".

Sasa kipimo. Pakua marudio, faili lake huishia na .osr, ulifungue ndani ya mchezo na upunguze mwendo hadi nusu. Toleo jipya, lazer, lina sehemu ya uchambuzi inayoonyesha njia ya kishale na mahali pa kila mbofyo. Tazama mambo matatu. La kwanza, mibofyo imeangukia wapi ndani ya maduara: ya binadamu hutawanyika, na kwenye jampu ndefu mingi huangukia ukingoni, upande ule mkono unakotoka au unakokwenda. Modi ya Auto iliyomo ndani ya mchezo hupiga katikati kabisa kila duara. La pili, muda ambao kitufe kinakaa chini. Vidole vya mtu huchoka, na kuelekea mwisho wa sehemu ngumu mbonyezo hurefuka au hupishana na ule unaofuata. La tatu, makosa. Kwenye kombo kamili ya kweli ya nyota saba ni kawaida kukuta 100 kadhaa (alama ya noti iliyogongwa nje kidogo ya wakati, iliyo sahihi hupata 300), nazo hujikusanya mahali pagumu. Zikiwa zimetapakaa sawasawa mwanzo hadi mwisho, au zisiwepo kabisa huku kishale kikitua kwa namna ileile kila duara, hapo una haki ya kuuliza maswali. Wengi hudanganya kwa nusu tu: programu igonge, mtu aelekeze, au kinyume chake. Mchezo wenyewe una modi za namna hiyo, Relax na Autopilot, lakini skoa zake hazina pointi za daraja.

Jambo moja wenzako hawalijui: marudio hukuonyesha jaribio lililofaulu tu. Fungua wasifu wa mchezaji yeyote wa juu uone idadi ya mara alizocheza. Skoa ya dakika mbili mara nyingi ina mamia ya majaribio nyuma yake, mengi yakiwa yamekatwa sekunde ya ishirini. Huyo si mtu aliyeamka akapiga.

Tuje kwako. Asilimia 91 peke yake hainiambii kitu. Ninachotaka kujua ni UR, namba ya mtetereko wa mkono. Ni wastani wa mtawanyiko wa makosa yako ya wakati kwa milisekunde, ukizidishwa kwa kumi: UR 100 ni mtawanyiko wa milisekunde 10. Ukimaliza wimbo kwenye lazer, ukurasa wa matokeo unaionyesha pamoja na grafu ya mibofyo na wastani wa kosa, yaani kama kwa jumla unawahi au unachelewa.

Dirisha la kupata 300, kwa milisekunde, hupatikana kwa kutoa mara sita ya OD (namba ya ukali wa wakati kwenye ramani) kutoka 80. OD 8 inakupa milisekunde 32 kila upande, OD 9 inakupa 26, OD 10 inakupa 20. Mchezaji wa UR 100 kwenye OD 9, akiwa katikati ya mapigo, atapata 300 kwenye noti 99 kati ya 100. Wa UR 130 atapata kama 95, na usahihi wake utakuwa karibu asilimia 97. Wa UR 200 anabaki na 300 kwa noti 80 hivi, usahihi 87.

Lakini mchukue yule wa UR 100, mkono imara kabisa, umsogeze milisekunde 15 nje ya mapigo. Usahihi wake unaanguka hadi asilimia 91, palepale ulipo wewe. Na mwingine mwenye UR ya karibu 175, aliye katikati ya mapigo, naye anapata 91 hiyohiyo. Wa kwanza anahitaji kugusa mpangilio mmoja wa sauti. Wa pili anahitaji miezi. Wote wawili wakiambiwa "fanya mazoezi zaidi", wa kwanza anaharibiwa.

Ndiyo maana nakutaka leo hii uvue hizo hedifoni za Bluetooth. Huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde mia na zaidi, na ucheleweshaji wenyewe hubadilika kila unapounganisha upya. Ukirekebisha leo, kesho umeharibika. Kibaya zaidi, hata sauti ya mbofyo wako mwenyewe inakufikia imechelewa, kwa hiyo sikio haliwezi kukusahihisha na unaishia kucheza kwa macho. Hedifoni yoyote ya waya, hata zile za kibandani, ni bora kwa kazi hii. Ukishazipata, cheza nyimbo nne au tano rahisi unazozijua, za nyota tatu, kisha ingia mipangilio ya sauti. Lazer itakupendekezea namba ya kurekebisha kutokana na michezo yako ya karibuni. Ikubali, cheza tena, uangalie kama wastani wa kosa umekaribia sifuri. Ukibaki ndani ya milisekunde 3, achana nayo. Kuna watu huigusa kila siku, na kila siku mkono wao unajifunza upya.

Cha pili ni mausi. Mausi nyingi za bei nafuu ni za DPI 1000 au zaidi kidogo. Kwenye skrini yako uwanja wa mchezo una upana wa pikseli kama 819. Kwa DPI 1000 hiyo ni sentimita 2.1 za mkono kwa uwanja mzima, na duara la CS 4 linakuwa milimita 3. Unalenga kitu cha milimita 3 kwa kifundo cha mkono, halafu unajilaumu kuwa huna shabaha! Washa usahihi wa juu wa mausi ndani ya mchezo, uzime uharakishaji wa kishale kwenye mipangilio ya mausi ya Windows, kisha shusha wepesi hadi 0.5. Uwanja unakuwa sentimita 4.2 na duara milimita 6. Kwa siku kadhaa mkono utafika umechelewa kila mahali na skoa zitashuka. Usirudi nyuma. Na tandika kitu chini ya mausi, kwa sababu meza ya mbao iliyochongwa inapendeza lakini mausi huruka juu ya mikwaruzo.

Tableti usikimbilie. Ni nzuri kwa sababu kila nukta yake ni nukta moja ya skrini na kishale hakipotei, na ndogo kama CTL-472 ya Wacom, yenye eneo la milimita 152 kwa 95, inatosha mpaka daraja la juu kabisa. Lakini wapo wa mausi waliofika hukohuko. Ukinunua sasa utabadilisha vitu viwili kwa pamoja, usijue kipi kimekusaidia.

Kibodi nayo ipime, hasa kwa hewa yetu. Chumvi na unyevu hula vituo vya umeme ndani ya swichi, na kitufe huanza kuandika mara mbili kwa mbonyezo mmoja. Fungua Notepad, bonyeza Z mara hamsini polepole, hesabu herufi, kisha X. Zikizidi hamsini hata kwa moja, tatizo lako la strimu linaweza kuwa hapo: mbonyezo wa ziada unaangukia duara ambalo zamu yake haijafika, mchezo unalifunga, linatikisika tu, na mpangilio wote wa vidole unavurugika. Suluhisho ni kuhamia vitufe vingine viwili.

Joto pia. Laptopu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mchezo hukwama kwa kitambo kidogo, kwa kawaida pale pale penye noti nyingi. Inua nyuma ya laptopu kwa vizibo viwili, zima video na picha za nyuma, giza la usuli weka asilimia 100, na kikomo cha fremu weka mara mbili ya kasi ya skrini. Kikiwa wazi bila kikomo kompyuta inachemka bure. Cheza ikiwa kwenye umeme, maana kwenye betri nyingi hujipunguza nguvu. Wakati wa kaskazi mchana, mkono wenye jasho hunata. Kitambaa kikavu kando ya mausi ni kifaa kama kingine chochote.

Sasa strimu, ambako naona ndiko maumivu yako yalipo.

Noti kumi kwenye BPM 180 ni chini ya sekunde moja. Hakuna misuli inayochoka kwa muda huo. Unachofanya, na naandika hivi kwa sababu karibu kila anayekatika kwenye noti ya kumi hufanya hivyo, ni kuiona strimu inakuja, kukaza mkono, kisha kugonga haraka kuliko wimbo. Tuseme unagonga kwa BPM 190. Nafasi kati ya noti inakuwa milisekunde 78.9 badala ya 83.3, na kila noti inakusogeza mbele kwa 4.4. Noti sita baadaye umekwisha toka kwenye dirisha la 300 la OD 9. Ya kumi uko mbele kwa milisekunde 44, unakusanya 100. Ya kumi na tano umefika 66, ukingoni mwa 100 zenyewe. Wakati huo kishale kinafuata vidole vyako na si wimbo, kinafika kwenye duara ambalo zamu yake bado, na kombo linakatika. Wewe unahisi umezidiwa na kasi, kumbe umeizidi.

Hakikisha kwa macho yako. Tazama marudio ya strimu iliyokukatikia ukiwa umewasha kipimo cha makosa chini ya skrini. Alama zikihama kidogo kidogo kwenda kushoto, unawahi. Zikihama kulia ndipo vidole kweli havijafika. Zikitapakaa pande zote, vidole viwili havigongi kwa uwiano, na mara nyingi kile cha kati ndicho kinachofuata cha shahada kwa haraka mno, kama vile noti mbili mbili.

Dawa ya kuwahi ni sikio. Kwenye strimu ya robo pigo ukibadilishana vidole viwili, kidole ulichoanzia ndicho kinachoangukia kila pigo na kila nusu pigo. Cha pili kinajaza katikati. Basi usisikilize noti kumi na mbili kwa sekunde. Sikiliza ngoma ya wimbo, ukiambatanishe nayo kidole cha kwanza peke yake. Kikiachana na ngoma utajua ndani ya noti nne, na bado kuna nafasi ya kurudi.

Na mkono ulegee. Watazame wapiga twari wakati wa Maulidi hapo Riyadha: wanapiga usiku kucha, na aliyekaza kiganja huonekana mapema, anakuwa wa kwanza kuiweka chini. Vidole vikae vimegusa vitufe, kitufe kishuke kiasi cha kusajili tu, kisha kirudi chenyewe. Ukisikia kibodi inagonga meza, nguvu nyingi inapotea.

Kwa mazoezi usitafute ramani nyingine. Chukua ileile ya BPM 180 uipunguze. Kwenye lazer modi ya Half Time inakuruhusu kuchagua mwendo wowote kuanzia 0.5 hadi 0.99. Anza 0.80, ambayo ni BPM 144. Ukimaliza strimu zote bila kukata na UR iko chini ya 120, panda 0.03. Ikivuka 140, shuka hatua moja na ubaki hapo hadi kesho. Hatua ndogo zina maana yake: 0.03 ya BPM 180 ni kama mapigo matano, kiasi ambacho mkono haukishtukii. Mtu anayeruka kutoka 150 hadi 180 kwa siku moja hujifunza kukaza, na kukaza ndiko kugumu kukuondoa baadaye. Kabla ya strimu ndefu pitia ramani zenye noti tano tano, kwa sababu kosa lako linaanza kwenye noti ya kwanza, na tano zinatosha kulionyesha.

Jampu nitazipitia haraka. Ukikosa jampu, angalia kwanza kama umekosa kwa wakati au kwa mahali. Mara nyingi wakati ni sahihi, ila kishale kilikuwa bado njiani. Maana yake macho yako yamekaa kwenye duara unaloligonga badala ya linalofuata. Cheza jampu za BPM ya chini kwa lengo moja tu, kishale kisimame ndani ya duara kabla ya kuondoka. Kwenye strimu ni kinyume: usisimame popote, mkono upite kama mstari mmoja.

AR ya juu usiiogope. Wageni huiona adui na kushuka chini, kisha skrini inajaa. Kwenye strimu ya BPM 200 noti ziko milisekunde 75 moja kwa nyingine. AR 8 inakuwekea noti kumi mbele ya macho kwa wakati mmoja, AR 9 nane, AR 10 sita. Zikiwa chache zinasomeka. Wale wanaocheza na modi ya Easy, ambayo hugawa AR kwa mbili, ndio wenye kusoma kugumu: AR 9 inakuwa 4.5, milisekunde 1260, na kwa BPM 180 kuna noti kumi na tano zimerundikana. Binafsi naiona skoa nzuri ya Easy kuwa ya ajabu kuliko hiyo ya HD na DT mliyobishania, ingawa hakuna anayeishangilia.

Kwa siku dakika arobaini hadi sitini zinatosha: kumi za kupasha mkono kwa nyota tatu, ishirini za strimu kwa Half Time, zilizobaki cheza unachopenda ili usichukie. Ukihisi maumivu ya kuchoma kwenye mkono wa kugongea, kati ya kifundo na kiwiko, acha siku hiyo. Uchovu unakuja na kuondoka ndani ya dakika chache. Maumivu yanayobaki ukishalala ni jambo la wiki, na kucheza juu yake kunalifanya la miezi.

Usihangaike na pp, zile pointi za daraja, kwa sasa. Skoa yako bora inahesabiwa yote, ya pili kwa asilimia 95, ya tatu 90.25, na kuendelea. Ya kumi imebaki 63, ya ishirini 38 hivi. Ukipandisha usahihi wa zile tano za juu umepata zaidi ya kukimbiza ramani mpya kumi. Mtandao wa visiwani nao hauathiri mapigo, kwa kuwa mchezo unaendeshwa na kompyuta yako. Intaneti unaihitaji kupakua ramani na kutuma skoa tu. Kwenye mipangilio chagua kupakua bila video, na faili nyingi zitakuwa MB chache, bando lisiishe kwa nyimbo tatu.

Mwisho, nyimbo za kwetu. Tangu Dean Herbert, Mwaustralia, alipoutoa mchezo huu mwaka 2007, ramani zake zimetengenezwa na wachezaji wenyewe. Mtu huchora, wenzake huikosoa, wateuzi huipitisha, inakaa ikichunguzwa, ndipo inaingia kwenye orodha rasmi. Usipoona taarabu humo, ni kwa kuwa hajatokea mtu wa kuichora, na kihariri kiko ndani ya mchezo huohuo bure. Ugumu wake upo, nao si mdogo. Wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta una BPM moja mwanzo hadi mwisho. Unaipata, unaweka mstari mmoja wa muda, basi. Taarabu na ngoma hupigwa na watu. Mwendo unapanda kiitikio kikikolea na kushuka mwimbaji akivuta pumzi, na ukiweka BPM moja, dakika ya pili ramani imeachana na wimbo kwa milisekunde mia. Itabidi uweke mstari mpya wa muda kila unaposikia mwendo umehama, pengine kila baada ya mapigo manne, ukilinganisha na sauti ya dumbak au chapuo badala ya kinanda, kwa kuwa kinanda huchelewa kwa makusudi. Na ngoma nyingi za pwani hugawa pigo kwa tatu. Kihariri kwa kawaida hugawa kwa nne, kwa hiyo badilisha kigawanyo kiwe 1/3, na 1/6 pale wapigaji wanapochanganya, la sivyo kila noti utakayoweka itakuwa karibu na mahali pake lakini si penyewe. Anza na dakika moja tu ya wimbo ambao mwenyewe amekuruhusu kuutumia, uiweke mistari ya muda hadi metronomu ya kihariri isisikike imepishana na ngoma, ndipo uweke duara la kwanza.